Beji ya Bidoni Namba 14

Saa mbili na nusu ya asubuhi, Jumanne, faili la fundi Aboubacar lilikuwa limeshafungwa. Kilichobaki ni fundi mwenyewe kutupwa ng'ambo ya mpaka. Kamishna Adrien alilifunga kwa kamba ya bluu, akaliweka kwenye kona ya meza, na sasa alikuwa akikoroga chai kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi ya siku kabla siku haijaanza. Wako wakubwa wa namna hiyo. Wanapandishwa cheo kwa wingi wa mafaili waliyofunga, na hakuna anayewauliza ndani mna nini.

"Pickup ya Gatumba inatoka saa kumi," alisema. "Fundi ni mukongomani, karte yake ya kukaa imekufa siku kumi na tisa, gari, ile jipu, imepatikana kwake na taa imepasuka. Anavushwa mupaka, mambo inakwisha. We unataka nini tena, Saliha?"

"Nataka mwenye aligonga yule binti," Saliha alisema.

Alikuwa afisa wa upelelezi, miaka kumi na sita kazini, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Adrien hakuwa amemkaribisha kiti, naye hakukitaka.

Kesi yenyewe haikuhitaji kichwa kikubwa. Jumamosi jioni, saa moja kasoro robo, kwenye mteremko wa Kiriri, jipu jeupe lilimgonga Ingrid, mwanafunzi wa uuguzi, likamvunja mguu mahali pawili. Likasimama kidogo, kisha likaondoka. Ingrid, akiwa chini, alishika tarakimu tatu za namba yake. Jumatatu jipu likapatikana gereji ya Aboubacar, Buyenzi. Mwenye jipu, Monsieur Ghislain Vaucel wa Kinindo, alikuwa ameshatoa maelezo yake: gari lilikuwa kwa fundi tangu Ijumaa, yeye Jumamosi hakutoka nyumbani, na pasipoti yake iliyokuwa ndani ya gari imeibwa hapo hapo gereji. Aboubacar alisema gari lililetwa Jumapili asubuhi, taa imeshapasuka, mwenyewe akidai amegonga mbuzi.

Neno la mtu na neno la mtu. Lakini neno moja lilikuwa na karte iliyokufa, na lingine lilivaa shati la kitani na kufanya kazi ya kushauri watu kuhusu utawala bora. Adrien alipima maneno hayo mawili kwa mizani aliyozaliwa nayo.

"Na Kiriri, Gaël alishaenda," aliongeza.

Gaël, msaidizi wa Saliha, alikuwa amesimama dirishani akitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, na alivitazama mara nyingi kuliko alivyotazama ushahidi.

"Villa ine zilikuwa na sherehe Jumamosi," alisema. "Nilisoma rejista zote za mulangoni, afande. Jina la Vaucel haiko. Hata moja."

"Uliongea na mazamu?"

"Nilisoma rejista."

Saliha aliupandisha mkoba begani. Kijana amesoma hadi chuo kikuu, na anadhani mlinzi wa mlangoni ni sehemu ya mlango.

"Nipe mpaka saa kumi," alimwambia Adrien.

"Mpaka saa kumi. Si saa kumi na moja."

Aboubacar alikuwa kasho, kwenye seli ya kituo, amekaa juu ya bidoni tupu la mafuta lililogeuzwa, mikono juu ya magoti. Mikono ya fundi haiishi grisi hata akikaa siku mbili bila spana. Alipomwona Saliha alisimama, maana Buyenzi mtu hufundishwa adabu kabla ya kusoma.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Fundi, nikuulize mambo mawili tu, na usinidanganye. Jipu ilikuja siku gani?"

"Siku ya Mungu, kisha swala ya asubuhi. Wallahi. Nilikuwa natoka muskitini. Aliniambia, ondoa damu ya mbuzi, weka taa mpya, usiseme-seme."

"Nani aliona?"

"Ile saa? Mungu."

"Mungu hatii sahihi kwenye faili. Pasipoti uliiona?"

Aboubacar alicheka kidogo, kicheko cha uchungu. "Afande, mi niko Buyenzi tangu niko na miaka kumi na mbili. Kila bariyeri naombwa papiye, karatasi zangu. Nikienda kununua mukate, niko na papiye. Nikienda kuzika, niko na papiye. Nilipeleka dosiye ya karte mpya mbele ile ya zamani haijakufa, naambiwa rudi kesho, rudi kesho. Mi naweza kuiba papiye ya mutu? Mi najua uchungu yake."

"Ndani ya jipu kulikuwa nini?"

"Vitu kidogo. Mbele ya kusafisha natoa vyote, naweka mu mukebe wa maziwa, ili mutu asiseme nimekula kitu yake. Mwanasiti anajua mukebe." Akashika chuma cha mlango. "Afande, nikivushwa pale Gatumba, sirudi. Ng'ambo mi sijue hata mutu wa kumuomba maji."

Gaël, nyuma ya Saliha, alitazama saa. Saliha alimwambia akawashe gari.

Walianza Kinindo, kwa sababu Saliha alipenda kumsikia mwongo kabla ya kwenda kutafuta uongo wake. Vaucel aliwapokea barazani, hakuwapa kiti. Alikuwa mrefu, mwenye mikono myeupe aliyoifutafuta kwa leso yenye manukato hata ilipokuwa haina kitu. Ukutani mlangoni alikuwa ametundika cheti: wiki sita za Kiswahili, Unguja. Watu wengine hutundika picha ya mama yao.

"Nimeshaeleza kila kitu kwa kijana wako," alisema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Kuna kitu kimoja sijaelewa. Mutu anaacha pasipoti mu gari?"

"Mtu," alisema Vaucel. "Si mutu. Na ni 'garini'. Samahani, ni mazoea tu. Inaniumiza masikio kusikia lugha nzuri ikiharibiwa."

Bibi yake Saliha aliuza vitumbua kwa Kiswahili hicho hicho, Buyenzi, kabla baba yake Vaucel hajajua kuwa kuna ziwa huku. Saliha alilimeza. Mpelelezi humeza mengi, mradi akumbuke ameyaweka wapi.

"Haya. Mtu anaacha pasipoti garini?"

"Mimi huiacha humo siku zote, katika kisanduku cha mbele. Sipendi kuiweka mfukoni, inakunjika."

"Sheria inasema mgeni atembee nayo. Polisi wakikuomba njiani?"

"Hawaniombi." Alilisema bila haya, kama anayetaja saa. "Niko hapa mwaka wa nne. Wanaona uso, wanapiga saluti."

Kibaya zaidi ni kwamba hapo hakudanganya. Saliha alijua askari waliopiga saluti hizo, na baadhi aliwafundisha yeye.

"Kwa hiyo Ijumaa, jipu na pasipoti viliondoka hapa pamoja."

"Pamoja."

"Na viliendelea kuwa pamoja."

"Mpaka fundi wenu alipoiba. Nimeandika hivyo kwenye cheti cha upotevu, na nimelipia muhuri."

"Niandikie tena hapa, bwana. Mi kichwa yangu ni nzito."

Vaucel alitabasamu. Alipenda vichwa vizito, vinampa nafasi ya kuelekeza. Akachukua karatasi akaandika kwa mwandiko mzuri: *Gari langu na pasipoti yangu havikutengana tangu Ijumaa hadi fundi alipoiba pasipoti.* Akaisoma mara mbili kuhakiki herufi, akatia sahihi.

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa, nikisoma."

"Kiriri?"

"Kiriri sina mtu." Akawafungulia lango mwenyewe, akatumia leso kushika komeo.

Njiani Gaël alisema, "Bwana yuko na nizamu."

"Ulimi uliponza kichwa," Saliha alijibu. "Endesha."

Gereji ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Mwanasiti, mke wa Aboubacar, alitoka na ufunguo mkononi na macho mekundu. Hakulia mbele ya polisi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Afande, kule mupaka wanaruhusu mutu kubeba nguo? Ama anavushwa na ile yenye amevaa?"

"Bado hajavushwa," Saliha alisema. "Niletee mukebe wa maziwa."

Ndani ya mkebe mlikuwa na miwani ya jua, kalamu, kijiti cha meno ndani ya karatasi yake, na kipande cha plastiki ya njano kilichofungwa kamba ya nailoni. Saliha alikitoa akakigeuza. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu kutoka ubavuni mwa bidoni la mafuta ya kupikia, kona zimesuguliwa zisikwaruze mtu, na katikati namba 14, imechomwa kwa msumari wa moto.

"Takataka," alisema Gaël.

"Ni beji."

"Beji gani ya bidoni, afande?"

"Gaël, ukiingia kwenye lango ya watu, zamu anakupa nini?"

"Beji."

"Na we unamupa nini?"

Hakuna mlinzi Bujumbura nzima anayetoa beji bure. Anachukua kitambulisho chako, anakitundika, anakupa beji. Ukitoka unarudisha beji, unachukua chako. Kila mtu mjini anajua hivyo, na wasiokuwa na kitambulisho ndio wanaojua zaidi, maana husubiri nje. Beji iko hapa, ndani ya vitu vya jipu. Basi kuna mahali, kwenye msumari fulani, kitambulisho cha mtu kinaning'inia.

"Itakuwa buro moja ya Kigobe," Gaël alisema haraka, akitaka kuwa wa kwanza angalau katika kukosea. "Anaenda kule kila wiki kwa kazi yake."

Walikwenda Kigobe, wakapoteza saa nzima na robo. Mlinzi wa ofisi ile, Rénovat, alikuwa na beji za kung'aa zilizopangwa kwa rangi. Alipokiona kipande cha bidoni alicheka hadi akashika ukuta.

"Hii si ya kwetu, mama. Hii ni ya muzee Népomuscène, kule Kiriri, kwa Sylvère mwenye kuleta sima ya kujenga. Boss wake alikataa kununua beji, basi muzee alikata bidoni kwa kisu, akatengeneza makumi mbili. Sisi mazamu wote tunamujua kwa hiyo."

"Kwa Sylvère," Saliha alirudia. Akamgeukia Gaël. "Hiyo villa ulienda?"

"Nilienda. Ni ya tatu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Boss yuko safari tangu Jumapili. Nilisoma rejista, afande. Nakuapia jina haiko."

Ilikuwa saa nane na nusu walipofika Kiriri. Mzee Népomuscène alikuwa akimwagilia maua ya bosi wake kandokando ya lango, suruali imekunjwa, udongo hadi viwiko. Aliwasalimu, akanawa polepole, akajikausha kwa kitambaa, kisha ndipo akaingia kibandani kuchukua rejista. Miaka ishirini alikuwa karani wa parokia, mwandishi wa ubatizo. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima, na kila mstari ulipigwa kwa rula.

Saliha alitafuta Jumamosi. Namba 11, namba 12, namba 13. Kisha namba 14. Alisoma, akasoma tena, akamwita Gaël asome kwa sauti.

"Jina," Gaël alisoma. "*Union Européenne.* Kitambulisho: *pasipoti nyekundu, haikufunguliwa.* Kuingia, saa kumi na moja na dakika tano. Kutoka..." Akafuata mstari kwa kidole. "Kutoka hakuna."

"Jana uliona hii?"

"Niliona."

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri ni délégation, ujumbe wa Ulaya," Gaël alisema. "Wakubwa. Nikaona si vizuri kuuliza-uliza."

Saliha alikuwa na la kusema, na lilikuwa refu, lakini saa zilikuwa zinakwenda na mtu alikuwa kasho. Alimgeukia mzee.

"Baba, kuna mutu anaitwa hivi?"

"Apana, afande. Jina yake mi sijue. Alikuja na jipu nyeupe. Nilitaka kufungua pasipoti niandike jina, akanishika mukono." Mzee alisimama wima, akasema yaliyobaki polepole, neno kwa neno, kama alivyozoea kurudia majina ya watoto mbele ya padri. "Akasema: *Usiifungue. Mikono yako ni michafu.*"

"Ilikuwa michafu?"

"Ilikuwa na udongo ya maua. Ni kweli. Basi sikufungua. Niliandika chenye kilikuwa juu ya kava. Mutu anaandika chenye anaona, haandike chenye anazania."

Gaël aliinamisha uso.

"Alitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika makumi ine umeme ilikatika. Nilienda nyuma kuwasha jenereta. Nikasikia honi, mingi, ya hasira. Mupishi akamufungulia. Nilipokuja, jipu haiko, beji haiko."

Dakika tano kabla ya Ingrid kugongwa, na mteremko ni huu huu.

"Na pasipoti?"

Mzee alinyoosha kidole. Nyuma ya mlango wa kibanda palikuwa na safu ya misumari, na kwenye msumari wa kumi na nne palining'inia mfuko wa mkate, safi, umefungwa fundo. Ndani yake kitabu chekundu.

"Jana huyu kijana alipokuja, hukumwonyesha?"

"Hakuniuliza. Alisoma, akasema asante. Na mi napana pasipoti kwa mwenye beji, siyo kwa mwenye kusoma."

Saliha aliunyoosha mkono kuelekea mfuko, kisha akaurudisha. "Usiguse, Gaël. Baba, funga kibanda, mwambie mupishi akae langoni. Hiyo pasipoti utaileta wewe, kwa mukono yako, na fundo yake vile iko."

Saa kumi kasoro robo pickup ilikuwa uani, injini inaunguruma. Aboubacar alikuwa amesimamishwa ofisini kwa Adrien, mfuko mdogo wa nguo miguuni. Mwanasiti alikuwa ameufikisha. Vaucel alikuwa amekaa. Kwake kiti kilipatikana, na chai pia. Adrien alikuwa akimwomba radhi kwa usumbufu kwa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia.

"Ni sahihi moja tu, Monsieur. Mutu anavushwa leo."

Saliha aliingia na Gaël. Hakumsalimu mtu. Aliweka mezani karatasi ya Vaucel yenye mwandiko mzuri, akaweka kipande cha njano kando yake.

"Bwana, hii unaijua?"

Vaucel alikitazama kipande kile muda mfupi kuliko mtu anavyotazama kitu asichokijua. "Hapana."

"Imetoka ndani ya gari yako."

"Basi ni ya fundi. Hawa huacha taka kila mahali."

"Vizuri. Baba, karibu."

Mzee Népomuscène aliingia akivua kofia, mfuko wa mkate kifuani. Alimwona Vaucel akainama kidogo, kama alivyomwinamia Jumamosi. Vaucel aliona wekundu wa kitabu ndani ya plastiki, akasimama. Uso wake ulichanganyikiwa, haukujua kama ufurahi.

"Pasipoti yangu," alisema. "Imepatikana. Unaona, kamishna, mwizi alikwenda kuiuza."

"Nipe beji kwanza," alisema mzee.

"Nini?"

"Beji. Namba kumi na ine. Mi napana kwa mwenye beji."

Adrien aliacha kukoroga chai.

"Chagua, bwana," Saliha alisema. "Kipande hiki ni chako, chukua pasipoti yako. Ama si chako, na pasipoti hii si yako, na we ni mgeni asiye na papiye. Pickup ya wageni wasio na papiye iko uani. Iko na nafasi."

Adrien alikohoa. "Saliha..."

"Sheria yako, shefu. Asubuhi ulinisomea."

"Huu ni upuuzi," Vaucel alisema. Leso ilitoka mfukoni. "Fundi aliiba pasipoti, akaiacha huko. Akachukua hicho kipande. Ni rahisi kabisa kuelewa."

"Ni rahisi," Saliha alikubali. "Fundi Aboubacar alitoka gereji na ovaroli yake, akapanda Kiriri kwenye sherehe ya Sylvère, akampa zamu pasipoti nyekundu, zamu akatazama uso wake akasema karibu sana, muzungu. Kisha akamukataza zamu asifungue, kwa Kiswahili cha Unguja. Baba, aliyekupa pasipoti ni nani kati ya hawa wawili?"

Népomuscène hakunyoosha kidole. Alimsogelea Vaucel, akasimama mbele yake, akamtazama. "Ni huyu bwana. Saa kumi na moja na dakika tano. Nimeandika."

"Mzee huyu hawezi hata kuandika jina langu," Vaucel alisema.

"Ulimukataza," alisema Saliha. "Ungemuachilia aandike, jana saa nne huyu kijana angelisoma jina yako, na jana hiyo ungekuwa kasho. Haya. Sasa turudi kwa mwandiko yako, maana we unaandika vizuri kuliko sisi." Akaisoma karatasi ile taratibu, bila kuharibu hata silabi moja. "*Gari langu na pasipoti yangu havikutengana.* Umetia sahihi leo asubuhi. Pasipoti Jumamosi ilikuwa Kiriri. Jipu ilikuwa wapi?"

Vaucel alifungua mdomo. Kiswahili kilimkimbia chote, cha wiki sita na cha miaka minne. Alianza kwa Kifaransa, habari za ubalozi, habari za wakili, habari za giza la barabara ile na watu wanaotembea katikati bila taa. Ni Gaël aliyemkata.

"Monsieur, habari ya giza hakuna mutu amekuuliza," alisema Gaël, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuwa na faida.

Vaucel alikaa.

Sasa mwone Adrien. Alishika kamba ya bluu, akaifungua, akalikunjua faili kwa uso mzito wa mtu aliyeteseka akitafuta haki. "Mi nilikuwa na shaka tangu mwanzo," alisema. Saliha alimtazama vile unavyotazama nzi aliyetua kwenye sahani ya mtu mwingine.

"Na fundi?" aliuliza.

"Fundi..." Adrien alijikuna kidevu. "Karte yake bado imekufa."

"Imekufa siku kumi na tisa, na dosiye yake iko kwenye meza ya mutu anayesema rudi kesho. Huyu mwingine alikuwa bila papiye siku tatu, na we ulimupa chai. Andika kwamba karte inashughulikiwa, shefu. Tia sahihi na muhuri. Nasubiri."

Adrien aliandika. Saliha aliisoma, akamrudishia aongeze tarehe, kisha akampa Aboubacar. Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa kifuani, akaigusa juu ya kitambaa kuhakikisha ipo, akaigusa tena. Hakusema asante kwa Adrien. Alimwambia Saliha, "Mungu akuweke, afande," akachukua mfuko wake wa nguo akatoka, akapita kando ya pickup bila kuitazama.

Mahabusu mpya huandikishwa kwa utaratibu, na Saliha aliusimamia mwenyewe. Gaël alileta kibao cha wino. Vidole kumi vya Vaucel viliviringishwa kimoja kimoja, kulia kisha kushoto, halafu viganja vyote viwili, kwa sababu Saliha alisema viganja pia. Wino wa kituo ulikuwa wa zamani, mzito, wa kushikamana. Leso yenye manukato ilijaribu mara moja ikageuka nyeusi.

"Namba ya pasipoti," alisema Gaël, kalamu juu ya karatasi.

"Siikumbuki." Vaucel alikuwa amepauka. Alinyoosha mkono kuelekea mfuko wa mkate. "Nipe, niisome."

Mzee Népomuscène alirudi nyuma hatua moja, akaukumbatia mfuko kifuani. Alizungumza polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa.

"Usiifungue," alisema. "Mikono yako ni michafu."